Nani Atashuka Kuweka Matawi?

Nilipokuwa kidato cha tatu, mjomba alinichukua likizo ya Agosti nikawe taniboi wake. Yeye ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine anavuka mpaka kwenda Kampala. Usiku mmoja, tukiwa tumepita Mtito Andei tukielekea Nairobi, lori lilizima. Giza totoro, mtandao hakuna, na malori mengine yanatupita kwa kasi mpaka letu linatikisika. Kabla sijajua nifanye nini, mjomba alikuwa ameshanipa panga.

"Shuka ukate matawi," aliniambia. "Weka moja hapa nyuma, lingine kule, lingine mbali kabisa. Usiyaweke karibu karibu. Mtu akija mbio hatapata nafasi ya kushika breki."

Vile vipembetatu vyekundu vya kuonya tulikuwa navyo, ila kimoja kilikuwa kimevunjika na kingine kilishaibwa. Kwa hivyo nilikata matawi, huku nikiwaza simba wa Tsavo kuliko nilivyowaza magari. Na yakafanya kazi. Kila dereva aliyekuja aliona majani kwenye lami, akapunguza mwendo, akatuzunguka. Hakuna aliyefundishwa hilo darasani, lakini hapa kwetu kila mtu analijua.

Miaka kadhaa baadaye niliacha chuo. Nilikuwa nasomea uhandisi, mwaka wa tatu, karo ikakataa kulipika. Nikaanza kuwaandikia watu makala za teknolojia mtandaoni, kazi ambayo unalipwa kwa kuhesabiwa maneno. Katika hizo pilkapilka nikakutana na mzozo mmoja wa Marekani ulionirudisha moja kwa moja Mtito Andei.

Sheria ya huko inasema lori likikwama kando ya barabara kuu, dereva aweke vifaa vya kuonya ndani ya dakika 10. Ni vipembetatu kama vyetu, na vinawekwa kwa umbali uliopimwa. Mwaka 2023 kampuni mbili zinazounda malori yanayojiendesha, Waymo na Aurora, ziliiomba serikali iziruhusu kutumia taa za kumetameta zilizofungwa kwenye kichwa cha lori badala ya vipembetatu. Sababu yao haikuhitaji digrii kuielewa: lori halina dereva, sasa nani atashuka? Mwishoni mwa 2024 ombi hilo lilikataliwa, na mwanzoni mwa 2025 Aurora ikaenda mahakamani. Baadaye mwaka huo huo ikapewa ruhusa ya muda.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Kampuni imetumia pesa zisizohesabika, lori lina macho yanayoona mbali gizani kuliko binadamu yeyote, halafu linakwama kwa swali ambalo mjomba alilimaliza kwa panga. Nikaanza kurudi nyuma kutafuta swali hilo lilianzia wapi. Ilibidi nirudi miaka 100.

Mwaka 1925, watu wa Manhattan jijini New York waliona gari likipita bila mtu kwenye usukani. Mhandisi mmoja aitwaye Francis Houdina alikuwa amelifunga antena, na nyuma yake lilifuata gari la pili lenye mtu aliyelitumia ishara za redio. Wapita njia walishangaa, na safari ikaishia kwa kugonga gari jingine. Lakini tazama vizuri kilichofanyika pale. Dereva hakuwa ameondolewa, alikuwa amehamishwa tu kutoka gari la mbele hadi gari la nyuma. Kuhamishwa huko tutakuona tena na tena.

Mwaka 1939, kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo humo, kampuni ya General Motors ilijenga mfano mkubwa wa Marekani ya mwaka 1960. Uliitwa Futurama, na aliyeubuni ni Norman Bel Geddes. Watu walipanga foleni ndefu, wakaketi kwenye viti vilivyosogea juu ya miji midogo ya kuchezea, wakatazama barabara pana ambazo magari yake yangepeana nafasi kwa msaada wa redio. Wakitoka walipewa beji ya kusema kwamba wameyaona yajayo. Mwaka 1960 ukafika. Barabara pana zilikuwa zinajengwa kweli, ila usukani bado ulishikwa na mtu.

Si kwamba watu walikaa tu. Mwaka 1957, nje ya mji wa Lincoln, Nebraska, kampuni ya RCA na serikali ya jimbo walifukia nyaya chini ya kipande cha barabara ya umma. Gari lilipopita juu yake, nyaya zilijua liko wapi, na gari likapata ishara ya kulielekeza. Huko Uingereza, katika miaka ya 1960, maabara ya serikali ya utafiti wa barabara ililifanya gari la Citroën DS lifuate waya uliofukiwa kwenye uwanja wa majaribio, kwa karibu kilomita 130 kwa saa, mvua ije isije. Kwa hivyo mtu akikuambia gari lisilo na dereva ni ndoto ya vijana wa juzi, mwambie babu yake angeweza kulipanda.

Mbona basi halikufika barabarani? Piga hesabu. Kipande kile cha Nebraska kilikuwa na urefu wa mita 120 hivi. Mwaka mmoja kabla yake, 1956, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa kilomita zipatazo 66,000. Weka waya kote huko, na uutunze. Kila lami inapochimbwa kupitisha bomba, waya unakatika. Kila baridi kali inapoipasua barabara, waya unaathirika. Halafu nani aanze? Serikali isingefukia nyaya kwa ajili ya magari ambayo hayapo, na kampuni zisingeunda magari ya kufuata nyaya ambazo hazipo. Katikati ya miaka ya 1970, hata kule Uingereza pesa za utafiti zilikatwa.

Ikabidi akili ihamishwe tena, safari hii kutoka barabarani hadi ndani ya gari. Aliyefika mbali kwenye njia hiyo ni Mjerumani, Ernst Dickmanns, wa chuo kikuu cha jeshi mjini Munich. Alichukua matatu kubwa ya Mercedes, akaijaza kompyuta na kamera, na mwaka 1987 ikajiendesha kwa kilomita 96 kwa saa kwenye barabara kuu iliyokuwa tupu. Mwaka 1995 gari lake lingine lilitoka Munich hadi Denmark na kurudi, zaidi ya kilomita 1,600, likijiendesha kwa takriban asilimia 95 ya njia.

Mwaka huo huo wa 1995, Dean Pomerleau na Todd Jochem wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walivuka Marekani kutoka Pittsburgh hadi San Diego. Kompyuta yao ilishika usukani kwa asilimia 98.2 ya safari, ingawa mafuta na breki zilibaki mikononi mwao. Kuna jambo moja katika kazi yao ninalolipenda sana. Programu yao haikutegemea mistari iliyopakwa rangi peke yake. Mistari ikikosekana, ingeweza kufuata chochote kinachokwenda sambamba na barabara, hata doa refu la oili linaloachwa na magari katikati ya leni. Dereva yeyote wa usiku, mvua ikinyesha na rangi ya barabara imeshafutika, anajua ujanja huo.

Sasa, asilimia 98.2 inasikika kama kazi imeisha. Mimi chuoni nikipata 98 ningefanya sherehe. Lakini safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 4,500, na asilimia 1.8 ya hizo ni zaidi ya kilomita 80. Ni umbali unaokaribia ule wa Nairobi hadi Naivasha, na usukani hauna mwenyewe. Gari la Dickmanns nalo liliingiliwa na binadamu, kwa wastani, kila baada ya kilomita 9 hivi. Tangu hapo hadi leo, mabilioni ya dola yamemwagwa kwenye kipande hicho kidogo kilichobaki.

Na wakati wale wa kamera wakisherehekea, wale wa barabara yenye akili walikuwa hawajakata tamaa. Bunge la Marekani lilikuwa limeagiza mwaka 1991 kwamba barabara ya mfano inayoendesha magari yenyewe iwe tayari ifikapo 1997. Agosti ya mwaka huo, kwenye barabara kuu ya I-15 huko San Diego, wakaionyesha: takriban kilomita 12 za leni zilizopachikwa maelfu kwa maelfu ya sumaku ndani ya lami, na msafara wa magari 8 ya Buick yakikimbia yamefuatana kama behewa za treni, bila mtu kugusa kitu. Waliopanda walifurahi. Haukupita muda, mradi ukafungwa. Swali lilikuwa lile la Nebraska: nani atapachika sumaku nchi nzima, na nani atazilinda?

Kilichofuata kililetwa na jeshi. Bunge lilitaka theluthi moja ya magari ya vita ya nchi kavu yaende bila watu ifikapo 2015, basi shirika la utafiti la jeshi, DARPA, likatangaza mashindano jangwani. Tarehe 13 Machi 2004, magari 15 yalianza safari ya zaidi ya kilomita 220 katika jangwa la Mojave, zawadi ikiwa dola milioni 1. Hakuna lililomaliza. Lililokwenda mbali zaidi halikufikisha kilomita 12, likapanda ukingo wa njia likakwama pale, magurudumu yakizunguka bure. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 2005, magari 5 yalimaliza njia ya kilomita 212. Mshindi alikuwa Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford chini ya Sebastian Thrun, kwa saa 6 na dakika 54.

Mwaka 2009 Google ilianzisha mradi wake ikiwa na Thrun na wengine waliotoka kwenye mashindano hayo. Huu ndio mradi unaoitwa Waymo leo, na magari yake yanabeba abiria bila dereva Phoenix, San Francisco na Los Angeles. Hayo ni mafanikio, siwezi kuyakana. Lakini siri mojawapo ya mafanikio hayo ni ramani. Kabla gari halijaanza kazi mtaani, mtaa unapimwa kwanza: ukingo wa barabara, taa, leni, kila kitu kwa vipimo vya karibu sana. Kwa maneno mengine, wamerudi kufukia waya, ila safari hii waya hauonekani. Na kama ule wa Nebraska, unahitaji kutunzwa. Barabara ikichimbwa leo, ramani ya jana imedanganya.

Malori yana shida zake juu ya hizo. Lori lililojaa huko Marekani linaweza kufika tani 36. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 105 kwa saa linahitaji takriban mita 160 kusimama, hata hali ikiwa nzuri. Kwa hivyo macho yake hayana budi kuona mbali kuliko ya gari dogo: kamera, rada, na lida, yaani kifaa kinachorusha miale ya leza na kupima umbali kwa jinsi miale inavyorudi. Mvua na ukungu vinaipunguzia miale hiyo nguvu, vumbi na matope vinafunika kioo. Kichwa cha lori ni cha kampuni, lakini trela linabadilishwa kila siku, halina macho, na upepo ukivuma linayumba. Mfumo wa breki au usukani ukifa, hakuna mguu wala mkono wa kuokoa, kwa hivyo lazima kuwe na mfumo wa pili unaosubiri. Haishangazi kwamba wengi walikimbilia Texas na Arizona, ambako theluji si tatizo la kila mwaka.

Na hapa historia inakuwa nzito. Oktoba 2016, lori la kampuni ya Otto, iliyokuwa mali ya Uber, lilibeba makopo 51,744 ya bia ya Budweiser huko Colorado, dereva akiwa amekaa nyuma kwenye kitanda. Picha zilisambaa dunia nzima. Mwezi Machi 2018, gari dogo la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huko Tempe, Arizona, akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba mashine ilikuwa imemwona zaidi ya sekunde 5 kabla. Ilimwita kitu kisichojulikana, kisha gari, kisha baiskeli, ikibadilisha mawazo. Programu haikuwa imetayarishwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Mtu aliyewekwa kuisimamia alikuwa akitazama simu. Miezi michache baadaye Uber ikafunga kitengo cha malori.

Kuona hakukuwa tatizo. Kilichokosekana ni kujua kwamba watu huvuka popote. Na hilo, mimi na wewe tunaoishi Nairobi, tunalijua kabla ya kujua kusoma.

Wengine waliofuata walijaribu kumhamisha dereva tena kama Houdina. Mwaka 2019 kampuni ya Starsky Robotics ilipeleka lori tupu la dereva kilomita 15 hivi kwenye barabara kuu ya Florida, binadamu akiwa ofisini tayari kulishika kwa mbali. Mwaka 2020 ikafungwa. Mwaka 2023 Waymo nayo ikasimamisha kazi ya malori ili kushughulikia teksi. Aurora ikavumilia, na mwishoni mwa Aprili 2025 ikaanza kubeba mizigo ya biashara kati ya Dallas na Houston bila dereva. Wiki chache baadaye, mtu akarudishwa kwenye kiti cha mbele kwa ombi la PACCAR, kampuni iliyounda lori lenyewe. Aurora ilisema mtu huyo ni wa kutazama tu, lori linajiendesha. Sawa. Lakini kiti kilikuwa na mtu.

Nikiyapanga haya yote pamoja, naona kwamba kwa miaka 100 wahandisi wamekuwa wakidhani kazi ya dereva ni kugeuza usukani. Kila walipomtoa kwenye usukani, wakakuta kulikuwa na kazi nyingine chini yake. Dereva ndiye aliyekuwa akiziba mapengo ya barabara. Mstari umefutika, anaukumbuka. Alama imeanguka, anabahatisha. Gurudumu limepungua upepo, analipiga kwa chuma na kusikiliza. Kazi hizo hazikuwa kwenye bajeti ya barabara popote, kwa sababu zililipwa ndani ya mshahara wa mtu mmoja. Ukimwondoa, mtu mwingine atalazimika kuzilipia. Marekani tayari wameweka utaratibu wa ukaguzi maalum wa malori haya, unaofanywa na watu waliofunzwa kabla safari haijaanza, kwa kuwa njiani hakuna wa kuinama kuangalia tairi.

Sasa fikiria barabara yetu. Dereva wa mbele anakuwashia taa ya upande kukuambia usinipite, kuna gari linakuja. Nairobi taa inasema kijani na askari anasema simama, na kila mtu anajua nani mkubwa. Tsavo ndovu anavuka bila kuuliza. Matawi yako kwenye lami: kwa mashine ni takataka iliyodondoka, kwa mjomba ni sentensi nzima. Mpaka Texas, kwenye lami nzuri na mistari mipya, kazi hii imesumbua hivi, sina haraka ya kuamini wanaosema itafika Malaba kesho kutwa.

Lakini sitaki kumfanya mjomba malaika. Nilipokuwa naandika makala hii nilimpigia simu. Alikuwa Mlolongo, kwenye foleni ya mizani. Nikamweleza kesi ya vipembetatu, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa hiyo lori ikikwama, itafanya nini?"

"Itawasha taa na kungoja watu wa kampuni."

"Watu," akasema. "Kumbe bado ni watu."

Kisha akanyamaza kidogo. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia, kwamba usiku ule wa Mtito Andei alikuwa hajalala siku mbili, kwa sababu mwenye mzigo alitaka ufike upesi. Kabla lori halijazima, alikuwa ameshasinzia mara mbili kwenye usukani, mimi nikiwa nimelala kando yake. Kuzima kwa lori, akasema, huenda ndiko kulikotuokoa.

"Mpwa wangu, hiyo mashine hulala?"

"Hapana, mjomba. Hailali."

"Basi hapo imenishinda," akasema. "Waambie waje tugawane. Yenyewe iangalie barabara usiku, mimi nishuke kukata matawi."

Foleni ikasogea, akakata simu.